Dada Kiti na Birika la Mshiriki wa Tisa

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, katika wodi ya wagonjwa wa figo, kitanda cha pili kutoka dirishani, mbele ya mume wake, binti yake na muuguzi wa zamu, akiwa na umri wa miaka hamsini, miezi sita na siku kumi na tatu.

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki, familia imempa mdogo wake wa kiume, ambaye kazi yake ni uhariri katika chumba cha habari, jukumu la kuiandika na kuisoma historia hii, naye ameiandika kwa kufuata madaftari kumi na manne aliyoyaacha marehemu, na pale madaftari yaliponyamaza amewauliza waliokuwepo, na pale ambapo hakuna aliyekuwepo amepaacha kama palivyo.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 19 Agosti 1974, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyopakana na karakana ya baba yake, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa fundi seremala na mkunga, na kwa kuwa mama alikuwa zamu siku nyingi, marehemu alikulia karakanani, miguu ndani ya maranda, akikabidhiwa misumari ya kunyoosha ili mikono isikae bure. Mwaka 1983, akiwa na miaka tisa, baba yake alimpa kipande cha ubao na kalamu ya seremala, akamwambia achore kiti cha mteja kilichokuwa mbele yake, naye akachora kiti chenye miguu mitatu. Baba akakitazama, akasema, "Mwanangu, mtu akikikalia hiki tutamwokota," naye akajibu, "Mguu wa nne upo baba, ila toka hapa nilipokaa siuoni." Ubao ule ulitundikwa juu ya meza ya randa mpaka baba alipostaafu, na wateja walioulizia kiti cha aina hiyo walikuwa wanajibiwa kwamba fundi wake bado yuko darasa la tatu.

Alianza elimu ya msingi Januari 1981 katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1987, akasoma sekondari ya wasichana ya bweni kuanzia 1988 hadi 1993, akifaulu masomo yote isipokuwa Sanaa, ambayo mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba mwanafunzi huyu anaona vizuri lakini mkono haumtii, kisha akaingia chuo kikuu mwaka 1994 kusomea elimu ya jamii, akahitimu mwaka 1998, na miaka tisa baadaye, akiwa kazini na mwenye mtoto mdogo, akarudi na kupata shahada ya pili.

Kazi aliianza Januari 1999 kama mdadisi katika kituo cha utafiti wa afya ya jamii, kazi ya kubeba madodoso na kugonga milango ya watu, na katika daftari la kwanza aliandika kwamba kwa mwaka ule mmoja alifungiwa mlango mara mia mbili na kumi, na kwamba hakuwalaumu, kwa sababu mgeni mwenye karatasi na kalamu hajawahi kuleta habari njema. Alipanda ngazi taratibu, msimamizi wa wadadisi mwaka 2004, mtafiti mwaka 2009, mtafiti mwandamizi mwaka 2016, cheo alichokufa nacho, ingawa kwenye kadi aliyovaa kifuani bado paliandikwa cheo cha zamani, kwa maelezo yake kwamba foleni ya kupiga picha mpya ilikuwa ndefu na yeye na kamera hawaelewani.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Septemba 2001, na fundi wa lifti ambaye walikutana kazini, siku lifti ya kituo ilipokwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu ikiwa na watu watano ndani, naye mmoja wao, na shemeji yetu mpaka leo anasimulia kwamba alipofanikiwa kuufungua mlango baada ya dakika hamsini hakukuta watu wanaolia, alikuta mkutano, mmoja anaeleza maisha yake na mwingine anasubiri zamu. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2003, na mvulana aliyezaliwa tarehe 27 Januari 2008, wote wapo hapa, mbele.

Sasa tunafika kwenye sehemu ya maisha yake ambayo familia ilijadiliana kama isomwe au iachwe, na imeamua isomwe, kwa sababu ndiyo iliyomkosesha usingizi kwa miaka mitatu na miezi minane, na mtu mwingine anayehusika ametoa ruhusa kwa mdomo wake, kwa sharti kwamba asitambulike.

Mwaka 2020, watu walipoambiwa wakae majumbani na milango aliyozoea kugonga ikawa haigongeki, marehemu alibuni utafiti wa kufanyia mtandaoni, kuhusu watu wanaouguza ndugu zao nyumbani, akapata walezi ishirini na wawili, kila mmoja akiwa na simu yake na namba badala ya jina. Aliwaomba wachore siku yao kwenye karatasi yoyote, au wapige picha za vitu wanavyovishika wakiuguza, pasiwe na sura ya mtu, wamtumie, halafu kwa saa waliyokubaliana wapigiane simu ya video, waitazame ile picha pamoja kwenye skrini, mwenye picha aeleze. Swali lake la kwanza lilikuwa lilelile kwa wote, nionyeshe, kisha nieleze nisichokiona, na wenzake kituoni wanasema watu ambao kwa dodoso wangejibu ndiyo na hapana walikuwa wanaongea saa nzima juu ya picha ya ndoo.

Hakukubali mtu aonyeshe chake kabla yeye hajaonyesha chake, kwa hiyo kila mazungumzo yalianza kwa mchoro wake mwenyewe wa meza ya jikoni kwake, beseni la vyombo, taulo kwenye msumari, na kiti, ambacho baada ya miaka thelathini na saba kilikuwa bado na miguu mitatu. Mlezi mmoja, mwanamume aliyekuwa dereva wa lori kabla ya kuanza kumuuguza mkewe, alimwambia, "Dada, hebu kikalie hicho kiti tukuone," na mwingine akamwuliza kama mshahara wa utafiti hautoshi mguu wa nne, na kuanzia hapo jina lake kwa watu wote ishirini na wawili likawa Dada Kiti, na wengi wao hawakuwahi kujua jingine.

Picha ikishafika hakuihifadhi papo hapo, aliipekua kwanza pamoja na mwenyewe, kona kwa kona, wakifunika kalenda yenye jina la duka, sare ya mtoto kwenye kamba, bahasha ya dawa, namba ya nyumba inayoonekana dirishani, na katika daftari la tisa ameandika, picha ina mdomo, tena haina adabu, inasema hata isichoulizwa. Na aliahidi jambo moja ambalo kanuni za kituo hazikumlazimisha kuliahidi, kwamba mshiriki akisema futa, picha zake zitafutwa mwenyewe akiangalia kwenye skrini, moja baada ya nyingine, kwa sababu mtu akiambiwa tu kwamba vitu vyake vimefutwa anabaki na neno, hana alichokiona.

Mshiriki wa tisa alijiunga tarehe 11 Septemba 2020, mwanamke wa miaka thelathini na minane, akimuuguza mama mkwe ambaye alikuwa hajanyanyuka kitandani kwa miaka sita, na sharti lake alilitoa kabla hata ya kuulizwa, "Mume wangu asijue, na ndugu zake ndiyo kabisa, mama yao namwosha mimi, wao wakija ni kupiga naye picha na kuondoka." Kwa miezi mitano alituma picha ishirini na saba, sifongo, kamba aliyojifunga mkononi usiku ili mgonjwa akitikisika naye aamke, mto uliotoboka, na tarehe 2 Februari 2021 alituma picha ya mwisho, birika la bati juu ya jiko, akieleza kwamba siku yake yote imo humo, maji ya kumwogeshea, maji ya kufulia vitambaa, na maji ya chai yake mwenyewe ambayo hupoa kabla hajaigusa. Waliipekua picha hiyo kwa dakika kumi na mbili, daftari linaonyesha, wakafunika kalenda, wakafunika dirisha, wakakubaliana iko safi, na wote wawili walikuwa wameangalia kila kitu kilichokuwa kando ya birika, hakuna aliyeliangalia birika lenyewe.

Alhamisi, tarehe 17 Juni 2021, saa nne asubuhi, marehemu aliwasilisha matokeo kwenye mkutano wa mtandaoni uliohudhuriwa na watu mia moja na arobaini, wakiwemo maofisa ustawi kutoka makampuni, kwa kuwa lengo lilikuwa waajiri waelewe mzigo wa wafanyakazi wao wenye wagonjwa nyumbani. Kwenye kompyuta yake picha ya birika ilikuwa ndogo, lakini katika ukumbi wa kampuni moja ya mizigo ilikuwa imetandazwa ukuta mzima, na kwenye tumbo la birika lililosuguliwa likang'aa, palionekana mlango wa jiko, na mlangoni mwanamume amesimama, amevaa shati la kazi lenye mistari na beji ya kampuni. Saa nne na dakika thelathini na nane ofisa ustawi wa kampuni hiyo aliandika pembeni, mahali ambapo wote waliona, "Jamani, si dereva wetu yule? Yuko ndani ya birika!" na watu watatu wakaweka alama za kucheka.

Marehemu aliiondoa picha baada ya sekunde arobaini, akaendelea kuzungumza kwa dakika sita nyingine ambazo baadaye hakuweza kukumbuka alisema nini, akazima kamera, akampigia Tisa. Simu iliita ikakatika, akarudia, ikaita ikakatika, na saa nane mchana akajiripoti mwenyewe kwa kamati ya maadili ya kituo. Ijumaa simu iliita asubuhi, jioni ikawa haipatikani, na Jumamosi, tarehe 19 Juni, akatuma ujumbe mmoja, mimi ni Dada Kiti, nimekosea, ukiwa tayari kuongea nipo, ujumbe ukaondoka na tiki moja, ile ya kutumwa, na tiki ya pili, ya kufika, haikuja.

Kamati ilimjibu tarehe 1 Julai, kwa barua ya kurasa mbili ambayo haikuwa na lawama na ambayo mwenyewe alisema ingekuwa nayo angelala vizuri zaidi, ikimkataza kumtafuta Tisa kupitia mtu mwingine yeyote, kwenda mtaani kwake au kuuliza kwa mwajiri wa mumewe, kwa kuwa kumtafuta ndiko kungemaliza kumwanika. Ofisa ustawi naye alihojiwa na kamati, akaeleza, "Ijumaa nilimtania tu kwenye foleni ya chakula, nikamwambia bwana, siku hizi unachemshwa, mwenyewe akacheka," na alipoulizwa alicheka vipi, akasema, "Alicheka. Halafu akaacha sahani yake." Mwisho wa Julai dereva yule aliomba uhamisho, akaondoka, na habari zote za nyumba ile zikaishia hapo.

Mtu asiyejua lililompata mwenzake hukosa hata la kuliombea, na marehemu aliishi hivyo. Kila asubuhi, kabla ya kuwasalimu watoto, alifungua simu, akatazama, akaandika daftarini, T9, tiki moja, na mdogo wake amezihesabu mara hizo kwenye madaftari matano, ni elfu moja mia tatu na kumi na nane, na siku zilizokosekana ni zile alizokuwa hajitambui. Nyumbani akawa anayageuza masufuria yatazame ukuta, vijiko anavifunika kwa kitambaa, na siku moja shemeji yetu alirudi kutoka kazini na birika jipya la plastiki, akaliweka jikoni, akalichukua la zamani akalipeleka stoo. Mdogo wake, aliyezoea katika kazi yake kuwaambia watu kwamba habari isiyothibitishwa si habari, alimwambia hivyo mara mbili, kwamba hajui kama yule mama amepigwa, hajui kama amefukuzwa, kwa nini ajihukumu kwa asilolijua, na mara ya pili marehemu alimjibu, "Wewe usichokijua hukichapishi, unaenda kulala. Mimi nisichokijua nimekwishakionyesha kwa watu mia na arobaini."

Hakuacha kazi. Aliwafundisha watafiti wadogo kutafuta kinachong'aa, kioo cha kabati, televisheni iliyozimwa, miwani, kijiko, mboni ya jicho la paka, na kuanzia Oktoba 2021 kituo kilipitisha utaratibu aliouandika yeye, kwamba kila picha ipekuliwe pia na mtu wa pili ambaye hajaambiwa inahusu nini. Washiriki kumi na wanne waliposikia yaliyotokea, kwa kuwa aliwaeleza wote mwenyewe, waliamua picha zao zibaki, saba wakasema zifutwe, naye akazifuta wakiangalia, mmoja mmoja kwa saa yake. Za Tisa hakuzitumia, wala hakuzifuta, kituo kilimshauri azifute yaishe, akakataa, akasema ahadi ilikuwa mwenyewe aone, na kuzifuta peke yake ni kufanya kitu kingine nyuma ya mgongo wa mtu yuleyule.

Tarehe 14 Februari 2023 vipimo vilionyesha kwamba figo zake zote mbili zilikuwa zinashindwa, baada ya miaka ya shinikizo la damu ambalo alilitibu kwa kuahirisha, na kuanzia tarehe 9 Oktoba mwaka huo alianza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa nne asubuhi, katika chumba cha mashine sita. Wagonjwa wenzake wanasema siku za mwanzo alikuwa haongei, alikuwa anaitazama mifuniko ya bati ya ile mashine, kisha akaomba karatasi akaichora, na mzee wa mashine ya jirani alipouona mchoro akamwita muuguzi, akasema, "Nesi, njoo umwambie huyu kama hiki ndicho kinachosafisha damu yetu, mimi nashuka." Wiki iliyofuata wote sita walikuwa wanachora. Michoro hiyo iko ukutani mwa chumba kile, na imepekuliwa.

Hali yake ilibadilika tarehe 21 Februari mwaka huu kwa maambukizi kwenye damu, akalazwa, na Jumapili, tarehe 2 Machi, saa kumi alasiri, akiwa na akili zake, alimwita mdogo wake, akamwelekeza kwa macho kwenye simu iliyokuwa juu ya kabati, akasema neno moja, "Tisa?" Mdogo wake akafungua, akatazama, akasema, "Bado. Moja." Marehemu akasema, "Haya," akageukia dirishani. Koridoni binti wa marehemu alimfuata mjomba wake, analia, akamwambia, "Mjomba, ungemwambia tu zimekuwa mbili, ungepungukiwa nini?" Leo anapoisoma karatasi hii, mjomba anajua tu kwamba dada yake alimwita yeye, hakumwita mwingine.

Hilo "Haya" ndilo neno lake la mwisho tunaloweza kulithibitisha. Aliaga dunia Jumanne kama ilivyosemwa mwanzoni.

Tangazo la kifo lilitengenezwa na binti yake asubuhi hiyohiyo. Marehemu alikuwa ameagiza sura yake isizungushwe kwenye simu za watu, na kulikuwa na mabishano kidogo, shangazi mmoja akisema tangazo la msiba bila picha ni kama barua ya benki, ndipo binti akautoa ule mchoro wa meza, beseni, taulo na kiti cha miguu mitatu, akauweka mahali pa picha, akaandika chini yake namba ya simu ya mjomba wake, akautuma. Hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo. Tangazo lilisambaa kwa ndugu, ndugu wakalipeleka kwenye makundi yao, na makundi hayana mipaka.

Jumatano, tarehe 5 Machi, saa tisa na robo alasiri, simu ya mdogo wake iliita kwa namba asiyoijua, sauti ya mwanamke ikasema, "Samahani kaka, poleni na msiba, hicho kiti nakijua," kisha ikasema, "Mimi ni Tisa." Mdogo wake, ambaye kwa miaka ishirini amepokea simu za watu wanaodai kuwa watu wengine, hakulia wala hakushukuru, alimwomba asimwambie lolote zaidi, akampa namba ya mfanyakazi mwenza wa marehemu kituoni, mtunza mafaili, ambaye ndiye peke yake mwenye ruhusa, na mtunza mafaili akamwuliza swali ambalo kila mshiriki alikuwa na lake, katika mchoro wako wa kwanza, nyuma ya mlango kulikuwa na nini. Mwanamke akajibu, "Kandambili tatu, mbili za kushoto. Na usiniulize kwa nini, waulize wanangu." Jibu lilikuwa sahihi.

Alichoeleza kinasomwa hapa kama alivyoruhusu. Ijumaa ile ya Juni 2021 mumewe alirudi na habari ya birika, akaichukua simu ya mkewe akaitumbukiza kwenye beseni la maji ya kumwogeshea mama, na namba ya Dada Kiti, na barua ya kituo, vyote vilikuwa ndani ya simu hiyo. "Hakunipiga," alisema, "hilo mliandike, maana najua ndilo alilokuwa analiogopa. Lakini mwezi mzima nyumba ile tuliongea kwa watoto, kamwambieni baba yenu, kamwambieni mama yenu." Ndugu za mume walisikia, wakaacha kuja, na mpaka leo hawamsalimii, hata kwenye mazishi ya mama yao, Novemba 2023, walimpita kama mlango. Mumewe, Jumapili moja mwezi ule wa ukimya ulipokwisha, alimwuliza alikuwa anawaeleza nini watu, naye akamwambia, "Nilikuwa nawaeleza namna ya kumwosha mama yako, njoo nikuonyeshe na wewe," na kuanzia Jumapili hiyo, bila kuombana msamaha, mume akawa anamwosha mama yake kila Jumapili, vibaya mwanzoni, alisema, maji yanafika mpaka sebuleni. Alipoulizwa kama amemsamehe marehemu, alijibu, "Alinikosea. Nilimkasirikia mwaka mzima, nikisema akinipigia atanitambua. Mwaka wa pili nikaanza kumtafuta mimi, ningemwanzia wapi, nilikuwa najua jina moja tu, Dada Kiti. Nimekuja kumwona juzi, kwenye kundi la wazazi wa darasa la mwanangu, kiti kilekile, nikacheka kwanza, halafu ndiyo nikasoma."

Ujumbe wa tarehe 19 Juni 2021 bado una tiki moja, kwa kuwa laini ile haipo tena, na mdogo wake ameamua kutoufuta.

Familia inawashukuru daktari bingwa wa figo na wauguzi wa chumba cha mashine, hasa yule wa zamu ya asubuhi aliyekuwa anamwekea kalamu kwenye mkono usio na sindano, wagonjwa wenzake watano, ambao wawili wamekuja leo ingawa jana walikuwa kwenye mashine, majirani waliopika, waliofagia na waliopokea simu wakati sisi hatuwezi, uongozi na wafanyakazi wa kituo cha utafiti, mafundi wenza wa shemeji waliobeba jeneza kwa ngazi kwa sababu lifti ya hospitali ilikuwa imekwama, jambo ambalo marehemu angelihoji, na walezi ishirini na wawili, walioko hapa na walioko majumbani na wagonjwa wao, ambao hatuwajui kwa majina na hatutawauliza. Tuliyemsahau atuwie radhi.

Dada, mzigo huu umeushusha, pumzika.

Jana, Ijumaa, tarehe 7 Machi, saa nne asubuhi, ambayo kwa kawaida ingekuwa saa yake ya mashine, mtunza mafaili alifungua skrini katika ofisi ya marehemu, na Tisa alikuwa upande wa pili, kamera yake imewashwa kwa hiari yake, mdogo wa marehemu akiwa nje ya mlango kwenye benchi, kwa kuwa hana ruhusa ya kuziona picha zile na hajawahi kuziona. Zilifutwa moja baada ya nyingine, mwenyewe akizitaja, sifongo, kamba, mto, mpaka ikabaki ya ishirini na saba, na mtunza mafaili akamwuliza kama hii angependa abaki nayo. Akasema, "Futa. Birika lenyewe ninalo." Ilifutwa saa nne na dakika kumi na moja, mwenyewe akiangalia.